Zamu Isiyopokelewa

"Sitii sahihi," nikamwambia kwa mara ya tatu. "Na hicho kishikwambi kiondoe hapo, kinagusa chapati yangu."

Editha akakivuta upande wake, akakifuta kwa mkono wa gwanda lake jeupe.

"Mama, ni dole gumba tu. Weka dole gumba tumalize."

"Dole gumba langu ndiyo sahihi yangu."

"Kamati inakaa saa nne. Saa nne, Mama! Ni mvumo mmoja tu. Nyambizi ikifika mita mia mbili na arobaini unaanza, na vinasa sauti vyote vya ziwani vinausikia. Ukikubali ukatwe, nyambizi inakuwa kimya, mimi napata shahada yangu. Usipokubali, nafeli. Hakuna la tatu."

"Unakata kitu gani hasa?"

"Kelele."

"Usiniambie mimi kelele. Kelele naijua."

Bwalo zima la chuo lilikuwa linatusikiliza. Wanafunzi wa uzamili wa uhandisi wa manowari, watu wazima wenye hesabu ngumu vichwani, walikuwa wanachungulia vikombe vyao vya chai kana kwamba jibu limo humo. Nje ya dirisha Ziwa Tanganyika lilikuwa limetulia, la buluu iliyokolea, na milima ya Kongo ikielea upande wa pili kama kitu ambacho mtu amekiota na hajakimaliza.

Meja Shaame, msimamizi wa tasnifu ya binti yangu, akaja na kiti chake akakaa kati yetu. Ni Mpemba, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapotoa amri.

"Mama Editha, umeamkaje?"

"Nimeamka na ugomvi, Meja. Kama unavyoona."

"Naona. Sasa, sheria iko nawe. Mtu aliyenakiliwa ndiye mwenye neno. Hatukati kitu bila wewe, na huwezi hata kukubali ukiwa nchi kavu. Sharti ushuke, usikie kwa masikio yako hicho kinachokatwa, ndipo useme ndiyo au hapana. Hiki kishikwambi cha mezani ni cha kutayarisha karatasi tu."

"Basi tushuke," nikasema. "Nimepanda basi kutoka Kasulu kwa ajili hiyo hiyo. Nyie ndio hamkuniuliza."

Nikamalizia chapati. Katika mkoba wangu, pamoja na leso na dawa ya presha, kulikuwa na bisibisi yangu ndefu.

*

Nieleze, maana watu huuliza.

Mimi ni fundi wa pampu wa mamlaka ya maji. Stashahada. Nilipata nafasi ya kuendelea na shahada, nikapata na mimba mwaka huo huo, chuo kikanitaka nichague. Nikamzaa Editha. Nikarudi kwenye nyumba ya pampu naye mgongoni, na nikakaa humo miaka ishirini na sita.

Nyumba ya pampu ina makelele hadi mtu aliye hatua mbili kutoka kwako humsikii. Kwa hiyo unajifunza njia. Unashika bisibisi ndefu, ncha unaiweka kwenye kifuniko cha beringi, mpini unauweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Halafu unafunga mdomo na kuvuma, mmmmm, sauti ile ile ya pampu. Pampu ikiwa nzima, mvumo wako na wake vinakaa pamoja kama kitu kimoja. Beringi ikianza kuharibika, pampu inaachana nawe kidogo tu, upana wa unywele, siku tatu au nne kabla chombo chochote hakijaonyesha. Hapo wewe unavuma kwa nguvu zaidi, ili uisikie vizuri inapokwenda.

Na kuna desturi nyingine. Huachi pampu mpaka mwenzako afike, aweke bisibisi yake, asikilize, aseme: nimepokea. Asiposema, hujatoka kazini, hata kama saa yako imepita na uji wa mtoto umepoa nyumbani. Niliwahi kukaa saa kumi na tisa kwa sababu mwenzangu alikuwa amevunjika mguu njiani.

Sasa nyambizi. Nyambizi ya kivita inaishi kwa ukimya. Ndani yake kuna pampu, feni, shafti, na kila kimoja kinatetemeka, na maji hubeba mtetemo mbali kuliko hewa. Siku hizi, chini ya kila mashine kuna pedi zinazojisogeza kuuzima mtetemo kabla haujatoka nje. Shida ni nani aziambie pedi zisogee lini. Kompyuta husikia kilichokwisha kutokea. Fundi aliyelala na pampu miaka ishirini na sita husikia kinachotaka kutokea.

Kwa hiyo wananakili fundi. Wananakili usikivu wake, na wanaunakili akiwa usingizini, maana aliye macho anawaza mboga na ada na nani kamtazama vibaya kanisani. Aliyelala anafanya kile tu ambacho mikono yake imezoea. Mwaka jana, siku arobaini, kila baada ya chakula cha mchana, nililala kitandani katika chumba namba sita cha chuo nikiwa na kofia ya nyaya kichwani, pazia la kijani likipepea, na Editha amekaa pembeni na daftari lake. Kila siku niliota ndoto ile ile. Niko kwenye pampu. Nina umri wa miaka ishirini na nne. Mgongoni kuna joto la mtoto.

Kitu kilichotoka humo wanakiita Msikilizaji. Kinakaa ndani ya Kuhe, nyambizi ya mafunzo iliyopewa jina la yule samaki wa hapa ziwani. Kimekaa humo miezi tisa. Kimelala, na kinadhani kiko kazini.

*

Kuhe ina viti vinne na harufu ya rangi mpya. Meja Shaame alikaa kwenye usukani, Editha kwenye ubao wa mitambo, mimi nyuma karibu na mlango wa chumba cha pampu. Ukutani mbele yangu palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa: USIMTAJIE SAA.

"Hiyo ya nini?"

"Ya Msikilizaji," Editha akajibu bila kugeuka. Bado alikuwa na hasira. "Anasikia tunachosema. Akijua zamu imeisha anaamka, na akiamka hana mwili wa kuamkia. Muundo wote unavunjika. Haurudi tena."

"Anasikia hata sasa?"

"Sasa hapana, nimefunga kinasa. Nitafungua tukifika chini."

Tukashuka.

Sijui niseme nini kuhusu kushuka. Mimi si mtu wa kupamba maneno. Mwanga ulikuwa wa kijani kwenye kidirisha, dagaa wakapita, maelfu, wakageuka wote kwa mara moja kama mtu anayegeuza shuka kitandani. Kisha buluu. Kisha buluu nzito kuliko hiyo, na ndani yake samaki mmoja mmoja, wamesimama tu, kama waliosahau walikuwa wanakwenda wapi. Nikahisi macho yananilegea. Kelele za juu zilitoka moja moja, kama watu wanaoaga msibani kwa heshima, wakiondoka bila kuburuza viatu.

"Mita mia mbili," Meja akasema taratibu. "Kuanzia hapa kwenda chini maji hayana hewa. Hakuna samaki, hakuna kitu."

Nje palikuwa peusi. Taa yetu ilimulika maji matupu, safi, yaliyokaa hapo bila kuguswa tangu kabla ya babu za babu zetu. Nilikuwa nimewahi kuyaona maji hayo. Nilipokuwa nalala chumba namba sita, kabla pampu haijaanza kuonekana, ndoto ilikuwa inapitia mahali kama hapo.

"Mia mbili thelathini. Na tano. Arobaini."

Ukaanza.

Mmmmm.

Haukutoka mahali pamoja. Ulitoka kwenye kuta, kwenye kiti, kwenye sakafu chini ya soli zangu. Pedi zote za nyambizi zilikuwa zinauimba. Ulikuwa mvumo wa mwanamke aliyefumba mdomo, na mwanamke huyo nilikuwa mimi.

"Unaona?" Editha akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua makali. "Ni ule wimbo wako, Mama. Ulionibembelezea. Umeingia kwenye nakala kwa bahati mbaya, sikujua wakati ule kwamba utasikika nje, niliona ni kitu kizuri. Lakini si sehemu ya usikivu. Ni wimbo tu."

Nikamtazama.

"Wimbo gani?"

"Wa kunilaza. Mmmmm. Ulikuwa unaniimbia kila siku."

"Editha," nikasema. "Mimi sijawahi kukuimbia wimbo. Sina sauti ya kuimba, muulize baba yako. Ulikuwa mgongoni, mimi nikiwa kazini. Nilikuwa naivumia pampu. Wewe ulikuwa unalala tu kwa sababu mgongo unatetemeka."

Nikaona anatafuta mahali pa kuliweka jambo hilo na hapapati. Miaka ishirini na sita ameishi na wimbo wake wa utotoni, kumbe ni kazi ya mtu.

"Huo mvumo ndio usikivu wenyewe," nikaendelea. "Anavuma muda wote, ila kwa chini, nyie hamumsikii. Ukifika hapa anapandisha. Kwa nini mtu anapandisha?"

Nikatoa bisibisi kwenye mkoba. Meja Shaame alifungua mdomo kusema kitu kuhusu vyuma ndani ya chombo, akaona uso wangu, akaufunga.

Nikafungua mlango mdogo wa chumba cha pampu, nikaweka ncha kwenye pampu ya kwanza. Nzima. Nikaweka kwenye pampu ya pili, ya kupozea, upande wa ukutani. Nikafunga mdomo nikavuma.

Tukavuma wawili, mimi na yeye. Sauti moja, pumzi moja. Nilipovuta pumzi alivuta. Na kati yetu, kwa upana wa unywele, pampu ilikuwa inatuacha.

"Beringi ya ndani," nikasema. "Gamba la nyambizi likibanwa na maji linasukuma kifuniko, na kifuniko kinasukuma beringi. Kwenye kina kidogo haisikiki. Siku nne, labda tano, ndipo igande. Hapo mtakosa kupoza betri. Mngeukata huo mvumo, mngekuwa na nyambizi kimya kabisa, na kiziwi."

Meja akaondoa mkono kwenye usukani, akajishika paji la uso.

*

Hapo ningetegemea tupande. Ningekuwa mimi msimamizi, tungepanda. Lakini Meja Shaame alikuwa na barua mezani kwake kutoka makao makuu, na nyambizi nyingine sita zinazojengwa zikisubiri tasnifu moja ipite.

"Sikilizeni," akasema. "Beringi tutabadilisha kesho, hilo ni jepesi. Lakini kamati iko juu inasikiliza sasa hivi, na haitakaa tena mpaka mwakani. Tuukate kwa nusu saa tu. Kamati isikie ukimya, Editha apite. Halafu tutauweka mvumo upya."

"Kilichokatwa hakiwekwi upya," Editha akasema polepole. "Unajua hivyo, Meja. Itabidi Mama alale tena siku arobaini."

"Na atalala. Sivyo, Mama Editha? Kwa ajili ya mwanao?"

Nitasema ukweli. Nilifikiria. Nilimwona Editha amevaa joho. Niliona jina letu kwenye karatasi yenye mhuri, ile ambayo mimi niliambiwa nichague kati yake na mtoto. Siku arobaini za kulala baada ya kula si adhabu. Dole gumba langu liliwasha.

"Nifungulie kinasa," nikasema. "Nataka kuongea naye kwanza. Sheria inaniruhusu?"

"Inaruhusu," Meja akasema. "Lakini usimtajie saa."

Editha akabonyeza. Mvumo ukashuka kidogo, kama mtu anayesikia mlango ukifunguliwa nyuma yake.

"Hujambo," nikasema. Nilijisikia mjinga.

"Sijambo." Sauti yangu, ya zamani, nyembamba, ya mtu anayeongea usingizini. "Nani huyo? Ni Yusta? Umekuja kupokea?"

"Hapana. Napita tu. Kazi inaendaje?"

"Hii pampu ya pili inanitoroka. Nimewaambia. Nimewaambia sana, hawaji." Akavuma kidogo. "Mtoto amelala?"

Editha alishika ukingo wa ubao.

"Amelala," nikasema. "Umechoka?"

"Miguu tu. Zamu ya leo ni ndefu." Taa yetu ilimulika maji matupu. "Yusta hajafika. Sijui amepatwa na nini. Siwezi kuiacha hivi, bila mtu kuipokea. Mwambie aliye nje uji wa mtoto asiuache upoe."

Nikaweka kidole kwenye kitufe, nikafunga kinasa mwenyewe.

"Miezi tisa," nikasema. "Editha. Miezi tisa yuko zamu. Mwisho wa ndoto, kila siku, mwenzangu Yusta alikuwa anakuja. Anaweka bisibisi yake, anasema nimepokea, mimi natoka nje, kuna jua. Siku zote arobaini. Vile vipande viko wapi?"

Alikuwa analia bila sauti, kama alivyolia alipokuwa mdogo.

"Nilivikata," akasema. "Mwanzoni kabisa. Kusikiliza kulikuwa kunakoma hapo, kwa hiyo nikaona havina data. Sikujua vina maana."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Jamani," Meja akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikubembeleza. "Hiyo ni nakala. Ni hesabu. Haichoki. Inasema miguu inauma kwa sababu wewe uliota miguu inauma."

"Labda," nikasema. "Mimi nina stashahada tu. Lakini fundi akiniambia amechoka na hakuna wa kumpokea, simkati ulimi ili wageni wasisikie."

Kisha nikamgeukia binti yangu. Nilikuwa na maneno mengi. Nikayameza.

"Sitii dole gumba," nikamwambia. "Hilo ni langu, limekwisha. Lakini shahada ni yako. Ukipenda, mwache alivyo, avume, upande juu ufeli mwaka huu, mwakani ujaribu tena naye yuko hapo hapo. Bado utakuwa na tasnifu. Au…"

"Au nimpokee," Editha akasema.

"Ukimpokea huna kitu. Unaanza moja."

"Najua, Mama. Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi ukutani."

Meja Shaame akamwita binti yangu kwa cheo chake, "Luteni Bihemo, fikiri vizuri." Hakusogea kutoka kwenye kiti chake. Nadhani naye alikuwa amesikia lile neno kuhusu uji.

Editha alifuta uso kwa mkono wa gwanda. Akafungua kinasa. Akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, na mimi nikaweka bisibisi kiganjani mwake kama ninavyompa fundi mwenzangu. Akapiga magoti mlangoni pa chumba cha pampu. Ncha akaiweka pabaya, kwenye bolti. Nikamsogeza mkono kidogo. Mpini akaubana nyuma ya sikio. Akasikiliza kwa muda mrefu, kwa sababu huwezi kusema umepokea kitu ambacho hujakisikia.

"Nani?" sauti yangu ikauliza. "Yusta?"

"Si Yusta," Editha akasema. "Pampu ya kwanza nzima. Pampu ya pili, beringi ya ndani inakwaruza. Nimeisikia. Nitaibadilisha mwenyewe. Nimepokea."

Mvumo ukatetemeka katika kuta zote.

"Umepokea?"

"Nimepokea, Mama. Nenda nyumbani."

"Na mtoto? Amelala?"

Editha alinitazama. Nikamwashiria kwa kichwa: mwambie.

"Ameamka," akasema. "Amekua. Ndiye aliyekuja kukupokea."

Kulikuwa na pumzi moja ndefu, ile ya mtu anayefungua mlango mzito na kukutana na jua. Halafu pedi zote zikalegea kwa mara moja, na mvumo ukaisha, na kelele halisi za nyambizi zikatuangukia: pampu, feni, shafti, na katikati yake beringi ikikwaruza wazi wazi, hata Meja aliisikia. Juu kule kamati ilikuwa inatusikia kama sinia lililoangushwa jikoni.

Kwenye ubao mistari ya Msikilizaji ilizimika mmoja baada ya mwingine. Editha hakungoja wa mwisho. Alinyoosha mkono wa kulia kwenye vishikio vya matangi ya kupandia juu, akavivuta vyote viwili, na hewa ikaingia kwa mshindo. Mkono wa kushoto ulibaki na bisibisi kwenye pampu ya pili, maana sasa hakukuwa na mwingine wa kuisikiliza.

Tukaanza kupanda. Mia mbili thelathini. Mia mbili ishirini. Akafumba mdomo, akavuma, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kufanya hivyo mbele ya watu.

"Juu kidogo," nikamwambia.

Akapandisha.